Boti ya Faiba Ijaapo Maji

Katika mwambao wa Tanga na Pangani, chombo cha uvuvi kilichozoeleka tangu zamani ni ngalawa. Mwili wake huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, kisha hufungiwa mbao mbili za pembeni ili kisipinduke. Mashua na dau huundwa kwa mkuku, mataruma na mbao zilizopigiliwa misumari, na mianya yake huzibwa kwa kalafati. Siku hizi kimeongezeka chombo cha namna nyingine: boti ya faiba yenye injini ya kupachika shetri, ambayo usukani wake umewekwa juu ya meza iliyosimama katikati ya sitaha.

Umbo na sababu zake

Usukani wa kati una faida mbili. Nahodha huona pande zote, naye husimama mahali penye mtikiso mdogo kuliko omoni. Wavuvi nao hupata njia kando zote mbili. Jodari au sulisuli akinasa na kuukokota mshipi kutoka shetri hadi omo, mvuvi humfuata bila kikwazo.

Chini, boti nyingi za aina hii zina umbo la herufi V, lililoenezwa na msanifu wa Kimarekani Raymond Hunt kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ncha ya V hulipasua wimbi badala ya kuligonga. Lakini umbo hili hudai injini yenye nguvu zaidi kuliko boti ya chini bapa, na boti ikisimama huyumba.

Sitaha huwekwa juu kidogo ya usawa wa maji ya nje, na matundu ya shetri huyatoa maji ya mawimbi yanayoingia. Boti ikipakiwa kupita kiasi, sitaha hushuka chini ya usawa huo, na matundu yale yale huyaingiza maji ndani.

Kwa nini faiba huzama

Msomaji aliye Masuguru, mbali na bahari, aweza kulijaribu jambo hili kwa ndoo ya maji. Sufuria tupu huelea. Ikijaa maji, huzama. Kipande cha mti wa mwembe, hata kikikandamizwa chini, hurudi juu. Sufuria huelea kwa sababu ya hewa iliyomo, bali mti huelea kwa wepesi wake wenyewe.

Ngalawa iliyojaa maji ni kama kile kipande cha mti: wavuvi waweza kuishikilia. Faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya kemikali, ni nzito kuliko maji kwa mara moja na nusu hivi. Boti ya faiba isiyo na kitu chepesi ndani yake ni sufuria.

Dawa yake ni povu gumu lenye vitundu vilivyofungika. Mita 1 ya ujazo ya povu la kilo 35 huondoa maji ya bahari ya kilo 1,025 hivi, nayo huinua karibu tani 1. Mwili wa faiba wa kilo 600 ukizama wote hubakiwa na uzito wa kilo 190 hivi majini. Ukiongeza injini ya kilo 80, povu la theluthi moja ya mita ya ujazo hutosha kuizuia boti isizame. La ziada ni kwa ajili ya watu na mizigo.

Mahali pa povu pana maana sawa na wingi wake. Likijazwa chini tu, boti iliyojaa maji huelekea kupinduka. Sharti sehemu kubwa iwe kandokando, karibu na ukingo wa juu, na nyingine karibu na injini.

La kuangalia kabla ya kununua

Mnunuzi huona usukani, injini na rangi. Povu limefichwa chini ya sitaha. Basi vikundi vya wavuvi na vimtake muundaji aijaze boti maji pwani, penye kina cha kiuno, injini au uzito ulio sawa nayo ukiwa mahali pake. Boti iliyoundwa vyema itabaki usawa, kingo zake juu ya maji. Nayo boti kuukuu ipimwe uzito, kwani povu lililonyonya maji kwa miaka mingi halibebi tena. Limegeuka kuwa mzigo.