Kutoka Kigali kwa baiskeli: Fuata bonde, usipigane na kilima

UKISIMAMA pembezoni mwa jiji la Kigali saa kumi na mbili asubuhi, upande wa Kabuye au wa Gahanga, utaziona baiskeli zikija mjini moja baada ya nyingine. Zimebeba madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi na magunia ya viazi. Vijana wanaoziendesha huvuja jasho huku wengine tukiwapita ndani ya basi, na wengi wetu huwatazama kama watu wa shida tu. Mimi nilichelewa kutambua kwamba vijana hao ndio ramani.

Kwa sisi tuliorejea nyumbani kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo, wengine mwaka 1994, wengine 1996, na wale waliofukuzwa Tanzania mwaka 2013, nchi hii tuliisikia kwanza kwa masimulizi ya wazee. Walitutajia vilima na mito kwa majina. Tulipofika tulianza kutafuta riziki mjini au mpakani, na nchi yenyewe tukaijua kwa dirisha la basi. Mfanyabiashara wa Rusumo au wa Gatuna anaweza kupita njia ile ile kwa miaka kumi bila kujua nyuma ya kilima cha kwanza kuna nini.

Baiskeli inaweza kuliondoa tatizo hilo, na gharama yake ni ndogo. Tatizo ni vilima.

Tahadhari ya kwanza: upande wa barabara

Kabla ya kutaja njia, kuna jambo ambalo aliyekulia Tanzania, Uganda au Kenya hana budi kulitia kichwani. Huko magari hupita kushoto. Rwanda, kama Burundi na Kongo, hupita kulia. Ndani ya basi hilo halikusumbui, lakini juu ya baiskeli mwili hukumbuka ulichozoea.

Siku yangu ya kwanza kutoka mjini nilisimama kunywa maji, kisha nikapanda tena na kushika kushoto bila kufikiri. Nilipokata kona nikakutana uso kwa uso na lori la mizigo. Dereva alikanyaga breki, nami nikaingia mtaroni. Sikuumia zaidi ya kiwiko, lakini tangu siku hiyo, kila ninaposimama, hujikumbusha kwa sauti kabla ya kupanda: kulia. Msomaji anayevuka Rusumo na baiskeli yake afanye vivyo hivyo.

Maji hujua njia

Kigali iko kwenye kimo cha meta 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mlima Kigali ulio magharibi yake unafika meta 1,850. Anayetoka mjini kwa kufuata macho yake atapanda na kushuka mpaka magoti yakatae. Lakini mito haipandi. Kila bonde lina mto au kijito, na kando yake mara nyingi kuna njia ambayo wenye mizigo waliichagua zamani kwa sababu haina mwinuko mkali. Kanuni ni hiyo tu: tafuta maji, kisha yafuate.

Mfano mzuri ni mto Nyabugogo. Wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya kituo cha mabasi. Mto huo hutoka Ziwa Muhazi, ukazunguka kaskazini mwa jiji na kumwaga maji yake katika Nyabarongo. Ukitoka kwa barabara ya Gatuna kupitia Gatsata, utakwenda nao bondeni hadi Kabuye, kilipo kiwanda cha sukari, na utaona mashamba ya miwa yamejaa bonde. Hii ni njia ya anayeanza. Unaweza kwenda, ukanywa chai, na ukarudi kabla jua halijawa kali. Ubaya wake ni malori yanayokwenda na kutoka Uganda, ambayo yamerudi tangu mpaka wa Gatuna ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kwa hiyo nenda alfajiri.

Njia ya pili ni ya kwenda Ziwa Muhazi lenyewe. Toka Kimironko, pita Bumbogo, elekea Gikomero na Rutunga. Hapa hukwepi vilima, na sehemu kubwa ni barabara ya udongo. Lakini malori ni machache, migomba imefunga pande zote mbili, na ziwa linapojitokeza chini, jembamba na refu kama mto uliosimama, unasahau uchovu. Usiende baada ya mvua kubwa. Udongo mwekundu hunata kwenye tairi hadi gurudumu likatae kuzunguka, na utarudi umeibeba baiskeli begani.

Daraja la Nyabarongo

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote. Ni ile ya Bugesera, kama kilometa 30 za lami kutoka Kigali hadi Nyamata. Unatoka Kicukiro, unashuka Gahanga kwa mteremko mrefu, unavuka mto Nyabarongo, kisha nchi inabadilika. Vilima vinalala. Hewa inakuwa kavu na ya joto zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu utoke mjini unaweza kukanyaga pedeli kwa muda mrefu bila kusimama. Aliyekulia Karagwe au Ngara atajisikia kama yuko kwao.

Hata hivyo, daraja lile halivukwi kama madaraja mengine. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi walitupwa katika mto huu. Maji yaliwachukua hadi Akagera, yakawapitisha kwenye maporomoko ya Rusumo na kuwafikisha Ziwa Victoria, ambako wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliwazika. Mfanyabiashara anayesimama Rusumo akisubiri karatasi zake anatazama maji yale yale. Bugesera yenyewe ilikuwa pori la mbung'o walikopelekwa Watutsi kwa nguvu kuanzia miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Makanisa ya Ntarama na Nyamata sasa ni makumbusho, na lile la Nyamata liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Kuna watakaouliza kama inafaa kupita hapo kwa kujifurahisha. Nami nimejiuliza. Mara ya kwanza nilishuka nikavuka daraja kwa miguu, nikisukuma baiskeli, na tangu hapo sijaacha kufanya hivyo. Upande wa pili kuna watoto wanaokwenda shule, kina mama wenye mabeseni ya nyanya, na mafundi waliotandika vifaa vyao chini ya mti. Wazee wetu walitaka turudi kwenye nchi yote, si kwenye sehemu zisizouma peke yake.

Kurudi ndiyo kazi. Kile kilima cha Gahanga ulichokishuka kwa raha asubuhi kinakusubiri mchana. Bakiza nguvu na maji kwa ajili yake, au panda ukisukuma. Anayesukuma baiskeli si mtu wa kuchekwa katika nchi hii, maana hata wenye mizigo husukuma. Wanaofikiria kwenda mbele hadi mpaka wa Nemba waulize kwanza hali ilivyo, kwani Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024.

Yale ya kujiandaa

Breki kwanza. Kwenye nchi tambarare breki mbovu ni usumbufu, hapa ni kifo. Kagua mipira yake kila unapotoka, na kwenye mteremko shika na kuachia badala ya kubana mfululizo. Vaa kofia ngumu. Chukua pampu, viraka na gundi. Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, na nyingine kuanzia Septemba hadi Desemba, kwa hiyo Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya raha. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni ya umuganda, usipange safari. Jumapili ya siku isiyo na magari, utaratibu ulioanza Kigali mwaka 2016, ni nafasi nzuri kwa anayejifunza.

Na uliza njia. Kinyarwanda chako kikiwa cha kubabaisha, “mwaramutse” ya asubuhi inatosha kufungua mazungumzo. Waulize abanyonzi, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli. Usiwaulize njia fupi, waulize njia ambayo wao hupita wakiwa na mzigo.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Katika mbio kuu za wanaume, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, ni waendeshaji 30 tu waliofika mwisho. Dunia nzima ikastaajabu ukali wa vilima vyetu. Yule kijana wa madumu ya maziwa hakustaajabu. Yeye huvipanda kila siku, na anajua ni wapi pa kuvizunguka.

Ndugu msomaji, kama baiskeli yako imekaa ukutani tangu urudi, itoe, ikague breki, na Jumapili ijayo umfuate.