Njia ya Zege Nyumbani: Uimara Wake Huanzia Kwenye Kiunzi cha Mbao

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kabla ya kila msimu wa mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo unaowawezesha wananchi kujiandaa mapema. Kaya nyingi huitumia nafasi hiyo kuzibua mitaro na kukarabati mapaa. Sehemu ambayo mara nyingi husahaulika ni ile inayokanyagwa kila siku na kila mwanakaya: njia ya kutoka getini hadi mlangoni, na ile ya kutoka mlangoni hadi chooni au kwenye bomba la maji.

Njia hiyo inapokuwa ya udongo, mvua huigeuza kuwa tope, na wanaoumia zaidi ni wazee, wajawazito, watoto na watu wenye ulemavu. Ndiyo maana wananchi wengi huamua kumwaga zege. Hata hivyo, si ajabu kukuta njia iliyogharimu fedha nyingi ikiwa na nyufa baada ya misimu miwili, kingo zake zimemeguka, au ikiwa imeelekeza maji yote kwenye msingi wa nyumba. Aghalabu lawama hutupiwa saruji, ilhali kosa lilianza kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa, yaani wakati wa kuandaa kiunzi cha mbao ambacho mafundi wengi hukiita boksi.

Kiunzi ni nini na kwa nini ni muhimu

Kiunzi ni mbao zinazopangwa na kufungwa pembezoni mwa eneo la kumwaga zege ili kulishikilia hadi ligande. Kazi yake haiishii kuzuia zege lisimwagike. Kiunzi ndicho kinachoamua upana wa njia, unyoofu wa kingo, unene wa zege na mteremko wa uso wake, kwa kuwa fundi husawazisha zege kwa kupitisha rula juu ya mbao hizo. Mbao ikiwa imepinda, njia itapinda, na mbao zikiwa zimelazwa bila mteremko, maji yatatuama.

Zege pia ni zito. Mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 2,400. Njia yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10 ina ujazo wa mita 1, maana yake ni kwamba tani 2 na nusu hivi zitamwagwa, zitashindiliwa na kuburutwa kati ya mbao mbili. Ukiongeza miguu ya mafundi na magurudumu ya toroli yanayogonga kingo, ni dhahiri kwamba mbao zilizoegemezwa kwa mawe tu haziwezi kubaki mahali pake.

Maandalizi ya eneo

Hatua ya kwanza ni kuamua vipimo. Kwa njia ya watu, unene wa sentimita 10 unatosha. Upana wa sentimita 90 ni kiwango cha chini kinachofaa kiti mwendo, na mita 1.2 humwezesha mtu kutembea huku akimshika mkono mgonjwa au mzee. Pale ambapo gari litapita, kazi hiyo inahitaji unene mkubwa zaidi pamoja na nondo, hivyo ni vyema kupata ushauri wa mtaalamu.

Baada ya vipimo, piga mambo kwenye pembe na uvute kamba ya ujenzi. Ili kupata pembe mraba, tumia kanuni ya tatu, nne, tano: pima mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye kamba ya pili kuanzia pembeni, kisha hakikisha umbali kati ya alama hizo mbili ni mita 5 kamili. Ukipungua au ukizidi, sogeza kamba moja hadi kipimo kikubali.

Kinachofuata ni kuchimba. Ikiwa zege litakuwa na unene wa sentimita 10, chini yake kuwe na tabaka la moramu la sentimita 10, na uso wa njia uwe juu ya ardhi kwa sentimita 5, basi kina cha kuchimba ni sentimita 15. Chimba kwa upana unaozidi njia kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande ili kupata nafasi ya mbao na mambo. Ondoa mizizi, majani na udongo wa juu wenye mboji, kwa sababu vitu hivyo vikioza huacha uwazi chini ya zege.

Wananchi wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na mwendo huo hulinyanyua na kulipasua zege hata likiwa na saruji ya kutosha. Katika maeneo hayo inashauriwa kuchimba zaidi, kuuondoa udongo huo na kujaza moramu kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, kila moja ikimwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kabla ya kuweka nyingine.

Kabla ya kufukia, jiulize kama kuna bomba la maji au waya wa umeme utakaohitaji kupita chini ya njia hiyo siku za usoni. Kulaza kipande cha bomba tupu chini ya moramu leo ni gharama ndogo kuliko kuvunja zege kesho.

Kupanga na kufunga mbao

Kwa zege la sentimita 10, mbao za upana wa inchi 4 zinafaa. Mbao zenye unene wa inchi 2 ni imara na hubaki zimenyooka. Mbao za inchi 1 zinaweza kutumika, ila zinahitaji mambo mengi zaidi. Chagua zilizonyooka na zisizo na nyufa. Kabla ya kununua, inua ncha moja ya ubao na utazame kwa jicho moja hadi ncha ya pili ili kubaini kama umepinda.

Mambo hupigwa upande wa nje wa mbao, kamwe yasipigwe upande wa ndani utakaojazwa zege. Kwa mbao za inchi 2, weka mambo kila baada ya mita 1. Kwa mbao za inchi 1, weka kila baada ya sentimita 60. Mahali mbao mbili zinapokutana, gongelea kipande cha ubao kwa nje kama kiraka na uweke mambo hapohapo, kwani kwenye maungio ndipo kiunzi huachia kwanza. Vichwa vya mambo vikatwe viwe chini kidogo ya ukingo wa juu wa mbao ili rula ipite bila kukwama.

Misumari ipigwe kutoka nje, kupitia kwenye mambo na kuingia kwenye ubao. Mtu mmoja ashikilie nyundo nzito au jiwe upande wa ndani ili ubao usihame unapogongwa. Misumari ikiachwa vichwa vyake vimechomoza kidogo, kazi ya kubomoa kiunzi itakuwa nyepesi na mbao zitabaki nzima kwa matumizi mengine. Kwa njia yenye mkunjo, tumia vipande vya plaiwudi nyembamba inayopindika, huku mambo yakisogezwa hadi sentimita 30 kwa 30.

Mteremko unaolinda nyumba na jirani

Hili ndilo jambo lenye athari kubwa zaidi. Njia isiyo na mteremko hutuamisha maji na kuota ukungu unaoteleza. Yenye mteremko wa kuelekea ukutani hulowesha msingi. Kwa njia ya upana wa mita 1, upande mmoja wa kiunzi uwe chini ya mwingine kwa sentimita 2. Ikiwa njia inapita kando ya nyumba, upande wa chini uwe ule ulio mbali na ukuta.

Kipimo hicho hupatikana kwa pima maji iliyowekwa juu ya rula, ambapo upande wa chini huwekewa kibao cha unene wa sentimita 2. Pima maji ikionesha usawa, mteremko ni sahihi. Kwa umbali mrefu, mpira mwembamba unaoonesha maji ndani yake huhamisha usawa kutoka mambo moja hadi jingine kwa uhakika.

Aidha, ni lazima kujua maji hayo yataishia wapi. Kuyaelekeza kwenye kiwanja cha jirani ni kuhamisha tatizo na kuanzisha mgogoro. Mwananchi ambaye njia yake itatoka nje ya mipaka ya kiwanja, itavuka mtaro wa umma au kugusa hifadhi ya barabara, anapaswa kwanza kuwasiliana na ofisi ya Serikali ya Mtaa au Kijiji, halmashauri, na wakala anayesimamia barabara husika, yaani TARURA kwa barabara za mijini na vijijini au TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa.

Palipo na ngazi mlangoni, fikiria kuweka mteremko wa kiti mwendo. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 15 kinahitaji urefu usiopungua mita 1.8.

Ukaguzi kabla ya kumwaga zege

Kiunzi kikikamilika, kikague kabla ya kuchanganya chochote. Pitisha rula juu ya mbao zote mbili na upime kina hadi kwenye moramu kila baada ya mita 1. Palipo na kina cha sentimita 6 badala ya 10 ndipo ufa wa kwanza utakapotokea. Sukuma mbao kwa mguu, na zikicheza ongeza mambo. Jaza udongo kwa nje, usawa wa chini ya mbao, ili maji ya saruji yasivuje na kuacha zege lenye matundu kama sega la nyuki.

Paka mbao mafuta mepesi, kwa tabaka jembamba, ili zege lisigande nazo. Oili chafu ya magari, ingawa hutumiwa na wengi, huchafua udongo na kuacha madoa. Njia inapogusana na ukuta wa nyumba, weka kipande chembamba cha sponji au ubao laini ili zege na ukuta visisukumane.

Mchanganyiko na utunzaji

Kwa mfano wetu wa njia ya mita 10, mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 utahitaji mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, mchanga takriban nusu mita ya ujazo na kokoto karibu mita moja ya ujazo. Nunua saruji yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na usikubali mfuko wenye mabonge. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko mmoja, na yapunguzwe mchanga ukiwa umelowa. Maji mengi hurahisisha kazi ya fundi lakini hupunguza nguvu ya zege.

Mara baada ya kusawazisha, subiri maji yaliyopanda juu yakauke yenyewe. Kurashia saruji kavu ili kuyanyonya huacha uso dhaifu unaobanduka. Kisha pitisha ufagio mgumu kukatisha njia ili kupata mikwaruzo inayozuia kuteleza. Kila baada ya mita 1 hadi 1.5, kata mstari wenye kina cha sentimita 2.5. Zege husinyaa linapokomaa, na mistari hiyo huliongoza lipasukie mahali palipopangwa.

Kiunzi kisiondolewe kabla ya saa 24, na katika maeneo ya baridi kama Makete na Njombe subiri saa 48. Zege halipati nguvu kwa kukauka bali kwa saruji kuendelea kuungana na maji, hivyo limwagiliwe na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni kwa siku zisizopungua 7. Nguvu yake iliyokusudiwa hupimwa likitimiza siku 28.

Wahusika wavae glavu na buti, kwa kuwa saruji iliyolowa huunguza ngozi, na inapogusa mwili ioshwe mara moja kwa maji mengi safi. Mbao zilizobomolewa zing'olewe misumari siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaikanyaga.

Kwa ujumla, kuandaa kiunzi kwa njia ya mita 10 ni kazi ya siku moja kwa watu wawili makini. Mwananchi anayemwajiri fundi asisite kuomba rula na futi, na kupima mwenyewe kina na mteremko kabla ya kuruhusu zege kumwagwa. Wakati huo kosa hurekebishwa kwa kugonga mambo upya. Zege likishaganda, kosa hilohilo litahitaji nyundo ya kubomolea na gharama ya kuanza upya.