Jenomu ya mitokondria ya kupe wa mbwa

Jenomu ya mitokondria ya kupe wa mbwa (jina la kisayansi: Rhipicephalus sanguineus) ni DNA yote iliyomo ndani ya mitokondria za seli za kupe huyo. Ni DNA fupi yenye umbo la duara, na ni tofauti na ile ya kromosomu zilizomo katika kiini cha seli. Wataalamu huitumia kuchunguza ukoo wa kupe na kutenganisha spishi zinazofanana mno kwa macho.

Kupe wa mbwa ni mmoja wa kupe wagumu (familia Ixodidae). Hunyonya damu ya mbwa hasa, mara chache ya binadamu, na anaweza kuishi na kuzaa ndani ya nyumba na vibanda vya mbwa. Ameenea karibu dunia nzima, Afrika ya Mashariki ikiwemo. Hueneza vijidudu kadhaa, kama vile bakteria Ehrlichia canis anayewapa mbwa homa na kuwapunguzia chembe za damu.

Muundo

Jenomu hii ina jozi za besi 14,710. Ile ya mitokondria za binadamu ina jozi 16,569, kwa hiyo zinakaribiana kwa urefu. Jenomu ya kiini cha seli ya kupe huyohuyo ni kubwa kuliko hizo kwa mbali sana: ina jozi zaidi ya bilioni 2.

Kama ilivyo kwa wanyama walio wengi, ina jeni 37:
- jeni 13 za protini zinazosaidia seli kupata nishati, k.m. cox1, cob na nad1;
- jeni 2 za RNA ya ribosomu, yaani sehemu ya mtambo unaounda protini;
- jeni 22 za RNA ya uhamisho, zinazopeleka asidi amino kwenye ribosomu.

Zaidi ya robo tatu ya besi zake ni adenini na thimini. Pia kanuni ya kusoma jeni hizi inatofautiana kidogo na ile ya kiini. Kwa mfano, herufi UGA, ambazo katika jeni za kiini humaanisha "mwisho wa protini", katika mitokondria za kupe humaanisha asidi amino triptofani.

Mpangilio wa jeni

Jenomu hii ilichapishwa mwaka 1998 na wanasayansi Black na Roehrdanz, pamoja na ile ya Ixodes hexagonus, kupe wa kalunguyeye wa Ulaya. Zilikuwa miongoni mwa jenomu za mitokondria za kupe zilizosomwa kwanza kwa ukamilifu. Zote mbili zina jeni zilezile, lakini hazikupangwa sawa.

Mpangilio wa Ixodes hexagonus ni sawa na ule wa Limulus polyphemus, mnyama wa baharini wa ukoo wa kale ambaye ni ndugu wa mbali wa kupe na buibui. Kwa hiyo unahesabiwa kuwa mpangilio wa asili. Papasi (familia Argasidae) pia wanao. Katika kupe wa mbwa kipande kirefu, chenye nad1, jeni zote mbili za RNA ya ribosomu na eneo la udhibiti, kimehamia mahali pengine kwenye duara. Eneo la udhibiti ni sehemu isiyo na jeni ambayo huhusika na kunakiliwa kwa DNA. Katika kupe huyu liko mara mbili, na nakala hizo zinafanana sana. Baadhi ya jeni za RNA ya uhamisho zimehama pia.

Mabadiliko hayo yamekutwa pia katika jenasi nyingine za kupe wagumu, kama Amblyomma, Haemaphysalis, Hyalomma na Dermacentor, lakini si katika Ixodes wala papasi. Kwa kuwa ni vigumu jeni zihame vilevile mara nyingi, huchukuliwa kuwa tukio hilo lilitokea mara moja katika mzazi wao wa pamoja. Hivyo ni alama ya ukoo wao. Kupe wa masikio anayeeneza ndigana kali ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki (R. appendiculatus) ni wa ukoo huohuo.

Matumizi katika utambuzi wa spishi

Kwa muda mrefu jina R. sanguineus lilitumika kwa kupe walio zaidi ya spishi moja. Ulinganisho wa DNA ya mitokondria, hasa jeni za 16S na 12S, ulionyesha kwamba kuna angalau nasaba mbili kubwa: moja ya nchi za joto, nyingine ya nchi zenye majira ya baridi. Mwaka 2018 jina R. sanguineus lilifafanuliwa upya, na baadaye nasaba ya nchi za joto ikapewa jina R. linnaei.

Tofauti hiyo inahusu afya ya mbwa moja kwa moja. Majaribio yaliyofanywa kwa kupe wa Amerika ya Kusini yalionyesha kwamba wale wa nasaba ya nchi za joto hueneza Ehrlichia canis vizuri, ilhali wale wa nasaba nyingine hawakufaulu kumweneza. Mganga wa mifugo anayetegemea umbo la kupe peke yake anaweza kukadiria vibaya hatari iliyopo.

Mipaka yake

DNA ya mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama. Kwa hiyo inasimulia historia ya upande mmoja tu, na spishi mbili zikizaliana haitaonyesha mchango wa dume. Tena, vipande vyake huweza kunakiliwa na kuingia katika kromosomu za kiini, na mchunguzi akivisoma badala ya vile vya mitokondria atapotoshwa. Kwa sababu hizo matokeo yake hulinganishwa na umbo la kupe na jeni za kiini kabla ya spishi kupewa jina.