Uvimbe wa ndani ya ubongo: kwa nini wengine hupasuliwa kupitia puani?

Kuna maneno nayasikia sana vijiweni: mtu akiwa na uvimbe kwenye ubongo, daktari afungue kichwa autoe, basi. Akisitasita, eti hajui kazi. Mimi si daktari, ila nimelisoma kiasi, naomba nieleze.

Uvimbe ulio juu juu, chini ya fuvu tu, unafikika. Ishu ni ule uliokaa katikati. Njiani kuna sehemu za kusema, za kuona, za kutembeza mkono na mguu. Kwa hiyo daktari anajiuliza kwanza: nipite wapi, na nikipita hapo nitaharibu nini?

Chukua mfano wa tezi ya pituitari. Ni ndogo kama njegere, iko chini kabisa ya ubongo, nyuma ya pua. Juu yake zinapita neva za macho. Uvimbe ukikua pale unazibana, na mtu anaanza kupoteza kuona kwa pembeni, kulia na kushoto. Mbele anaona, lakini pikipiki inayotokea ubavuni haioni. Wengi wanakimbilia kununua miwani, kumbe macho yenyewe ni mazima.

Ukipitia juu, inabidi uusogeze ubongo ili uifikie tezi. Ndiyo maana mwaka 1907 Hermann Schloffer, kule Innsbruck, Austria, alipitia puani. Harvey Cushing wa Marekani naye akaitumia sana njia hiyo, baadaye akarudi kwenye kufungua fuvu. Miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal, Kanada, akaifufua kwa kutumia hadubini. Siku hizi wanaingiza kamera nyembamba, na hata MOI pale Muhimbili upasuaji wa kupitia puani umeshafanyika.

Sasa msidhani puani ni mteremko. Maji yanayouzunguka ubongo yanaweza kuvuja kupitia pua, na vijidudu vikapanda, mtu akapata homa ya uti wa mgongo. Pembeni ya tezi kuna mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kichwani. Kuitoboa ni nadra, lakini ikitokea ni kiharusi au kifo. Wengine hubaki na kiu kali na kukojoa mno, watu wakadhani ni sukari, kumbe tezi imetikiswa. Mara nyingi hupoa, ila wapo wanaotumia dawa maisha.

Tena si kila uvimbe wa hapo ni wa kisu. Kuna aina inayotengeneza homoni ya maziwa kupita kiasi, na hiyo mara nyingi husinyaa kwa vidonge tu. Na uvimbe ulio kwenye shina la ubongo, mara nyingine daktari anachukua kipande kidogo kwa sindano akipime, basi. Hajashindwa huyo. Kuung'oa wote kungemmaliza mgonjwa.

Kwa hiyo ndugu yako akipangiwa upasuaji, muulize daktari: uvimbe ni wa aina gani? Utapitia wapi, na kuna nini njiani? Tukisubiri, kitatokea nini? Usione aibu, ni haki yako.

Na anayelalamika haoni pembeni, jamani, mpelekeni hospitali mapema. Neva ikibanwa muda mrefu, hata uvimbe ukitolewa kuona kunaweza kusirudi.

Mwenye ujuzi zaidi atuongezee hapo chini.