Majina Manne kwa Mti Mmoja: Jinsi ya Kuueleza Mmea Hata Ukajulikana

Katika soko la Illasit, chini ya mlima Kilimanjaro na karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, Wamasai, Wakamba, Wakikuyu na Wachaga huuziana mifugo na mazao, nao huelewana vizuri kwa Kiswahili. Bei ya mbuzi haimpi mtu taabu, wala kipimo cha maharagwe. Lakini maneno yakigeukia miti na majani, Kiswahili chao hupunguka mara moja, na kila mmoja hurudi kwa lugha ya mama yake. Huyu husema oltepesi, yule husema mgunga, mwenzao aliyetoka Machakos ana jina lake, na aliyevuka mpaka kutoka Rombo ana jina jingine. Huenda wote wanne wanautaja mti mmoja. Na huenda wanataja miti minne. Nani atakayewaamua, ikiwa mti wenyewe haupo sokoni?

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya shida hii ni kujifunza majina mengi zaidi. Kwa maoni yangu jina ni jambo la pili. La kwanza ni kuzijua sehemu za mmea na kuweza kuzitaja: gome, kifundo cha tawi, kikonyo cha jani, utomvu, mwiba, ua, ganda la mbegu. Mtu awezaye kusema mambo hayo kwa utaratibu ataeleweka Illasit, Kitengela na hata Nairobi, ijapokuwa hajui mti huo unaitwaje.

Nitatoa mfano ambao uhai wa mtu waweza kuutegemea. Katika vichaka vya Kajiado hupatikana mti mdogo ambao Wamasai huuita olamuriaki, na wataalamu huuita Carissa. Matunda yake yakiiva huwa meusi yenye wekundu, ni matamu, na watoto wachungao mbuzi huyala mchana kutwa. Mizizi yake huchimbwa na kutiwa katika supu kuwa dawa. Katika nchi hiyo hiyo uko mti mwingine, olmorijoi kwa Kimasai, na msunguti kwa Kiswahili; wataalamu huuita Acokanthera. Huu ndio mti wa sumu ya mishale. Tangu zamani wawindaji wa Kikamba, na Wawaata wa nyuma ya pwani, walichemsha vipande vya mti huu hata maji yakawa mazito meusi kama lami, kisha wakaipaka lami hiyo katika vyembe vya mishale. Sumu yake ikiingia katika damu hushika moyo na kuusimamisha, na hata tembo huanguka.

Sasa, msomaji, itazame miti hii miwili ilivyo. Yote miwili ina majani yasiyopukutika, magumu kidogo, yenye kung'aa. Katika yote miwili majani huota mawili mawili yakielekeana katika kifundo kimoja. Yote miwili hutoa utomvu mweupe kama maziwa ikikatwa. Maua ya yote miwili ni meupe yenye wekundu kidogo, membamba kama mrija, yenye harufu nzuri. Matunda ya yote miwili ni ya mviringo, nayo hugeuka kutoka wekundu hata kukaribia weusi. Ukimwambia mtoto, “Kachume yale matunda meusi ya kichaka chenye maziwa,” umemwambia habari za miti miwili, mmoja wa chakula na mmoja wa mauti.

Tofauti iliyo wazi kupita zote ni mwiba. Olamuriaki ina miiba mirefu, migumu, iliyonyoka, itokayo penye vifundo vya matawi. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Mtu aonapo kichaka cha namna hiyo kisicho na miiba, na aondoe mkono wake. Tena achimbaye mizizi ya dawa hana budi kulitazama tawi kabla ya kutia jembe, kwa sababu mzizi ukiisha kukatwa na kufungwa kitita hauna tena alama ambayo mnunuzi aweza kuitambua.

Wazee wa Kimasai hawahitaji kuambiwa hayo. Hata mnyama mmoja anaujua msunguti: mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba panya mkubwa wa Afrika ya Mashariki, mwenye manyoya marefu shingoni, hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yenye sumu ubavuni, hata mbwa amwumaye huugua au kufa. Wasiwasi wangu ni kwa mtoto anayekua mjini, na kwa mkulima aliyehamia juzi, ambaye kwake kila kichaka ni kichaka tu.

Mwiba ni shahidi mwema katika nchi hii ya ukame. Miti ile ambayo watu huiita migunga, wakidhani ni mti mmoja, waweza kuitenga kwa miiba yake. Oltepesi ina miiba ya namna mbili katika tawi moja, mirefu myeupe iliyonyoka na mifupi iliyopinda, na maganda ya mbegu zake hujikunja kama chemchemi ya saa. Mbuzi huyapenda sana. Eluai, ambao umejaa katika udongo mweusi wa Kitengela, una miiba iliyovimba chini kama vibuyu vidogo, na humo hukaa chungu wakali. Oiti, ambao kwa Kiswahili huitwa kikwata, ana vijiba viwili viwili vilivyopinda kama ndoana. Akikushika nguo usivute, bali rudi nyuma. Olerai hutambulikana kwa gome lake la manjano, nao husimama penye maji karibu. Katika hiyo minne jani halikuwa kipande kimoja kama la olamuriaki. Limegawanyika mara mbili: uti mkuu hutoa nyuti ndogo, na kila moja ina vijani vidogo vingi vilivyopangwa kandokando yake, kama nyoya la ndege.

Miti hii imeleta ugomvi mkubwa hata kwa mabingwa. Kwa muda mrefu yote ilikuwa katika jenasi moja, Acacia, ambalo ni neno la Kiyunani lililotumiwa zamani kwa mti wa miiba wa Misri. Baadaye ilionekana kwamba kundi hilo ni kubwa mno, halina asili moja, na lazima ligawanywe. Nani abaki na jina? Mkutano wa Vienna wa mwaka 2005 uliwapa Waaustralia, kwa kuwa aina zao zilikuwa nyingi kupita zote, na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukathibitisha. Tangu hapo oltepesi, eluai na olerai wameandikwa Vachellia, na oiti ameandikwa Senegalia. Waafrika wengi walinung'unika, nami nawahurumia. Lakini miti haikubadilika hata jani. Aliyejifunza kutazama mwiba na ua hakupoteza kitu siku ile.

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakifai kwa elimu ya namna hii. Watu hao na waende pwani wakaulize habari za mnazi. Tunda lake likiwa changa sana ni kidaka, likikua kidogo ni kitale, likijaa maji matamu ni dafu, likipita hapo ni koroma, na mwisho ni nazi. Nje lina kumbi, ndani kifuu, na jani la mti ni kuti. Watu wa pwani walihitaji maneno hayo katika kazi yao, wakawa nayo. Hata sarufi yenyewe hupanga mimea: mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, na mtoto wa miaka mitano hakosei mti na tunda lake. Palipo na upungufu, kama katika jenasi, spishi, petali na stameni, tumeazima, kama Waingereza walivyoazima Kilatini. Hadi mwisho wa mwaka 2011 mtaalamu aliyegundua mmea mpya alilazimika kuueleza kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza pia kinakubaliwa.

Mkulima wa mahindi naye ana faida yake hapa. Mbelewele iliyo juu ya mhindi ni maua ya kiume, nayo hutoa chavua. Zile nywele za hindi ni sehemu ya maua ya kike, na kila unywele umeunganishwa na mahali pa punje moja. Unywele usiopata chavua hauna punje. Basi gunzi lenye mapengo halikurogwa. Mara nyingi ukame au joto kali vilikuja wakati ule ule nywele zilipotokeza.

Kupanga mimea katika familia nako ni kazi ya shamba. Kuelekea Kimana wengi hulima nyanya kwa maji ya mifereji. Mkulima anayeona nyanya zake zikinyauka zingali mbichi huambiwa abadilishe zao, naye hupanda viazi, au biringanya, au pilipili, akidhani amebadilisha. Hajabadilisha kitu. Na achukue ua la kila mmoja alitazame: petali tano zilizoungana chini, zikifunguka kama nyota, na stameni zimesimama katikati. Hao ni ndugu wa familia moja, pamoja na mnavu na tumbaku, na bakteria wa mnyauko aliyeko udongoni huwajua kuwa ndugu. Hata ndulele, lile gugu lenye miiba na matunda ya manjano ambalo Wamasai huliita entulelei, ni wa ukoo huo, nalo husimama ukingoni mwa shamba likingoja. Abadilishaye kweli hupanda mahindi au vitunguu. Tena ukitaka kujua kama ni mnyauko huo, kata shina karibu na ardhi, ulitumbukize katika bilauri ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe.

Kazi ya kukusanya majina yetu imefanywa kwa bidii. P. J. Greenway, aliyekuwa katika kituo cha Amani huko Usambara, alitoa mwaka 1940 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili. Kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania kilianza kutolewa kwa sehemu mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, miaka 60, kikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Vielelezo vikavu huhifadhiwa Nairobi, katika hifadhi ya mimea iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Mtu wa Illasit akiwa na mmea asioujua, ulioua ng'ombe au ulioponya mtu, aweza kuutayarisha apate kuuliza wataalamu. Akate kitawi chenye majani yaliyo bado katika vifundo vyake, pamoja na ua au tunda, kwani jani peke yake mara nyingi halitoshi. Ikiwa ni mmea mdogo aung'oe pamoja na mizizi. Aulaze kati ya kurasa za gazeti kuukuu, jani moja likigeuzwa ili upande wa chini uonekane, aweke vitabu vizito au mawe juu yake, na abadilishe karatasi kila siku mpaka ukauke. Kisha aandike yale yatakayopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu yake, rangi ya utomvu, urefu wa mti, udongo uliootea, mahali na tarehe, na jina alilopewa na wenyeji, akitaja ni la lugha gani.