"Nimeibiwa" haitoshi kortini

MKAZI wa Makongeni mjini Thika akivamiwa usiku, asubuhi huwaambia majirani: "Jana nimeibiwa." Mtaani kauli hiyo inatosha. Katika mahakama za Thika na Ruiru haitoshi, kwani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, hutenga makosa matatu ambayo sisi huyaita wizi tu.

La kwanza ni wizi wenyewe. Adhabu yake ya kawaida haizidi kifungo cha miaka 3, ingawa mali ya zaidi ya shilingi 100 ikiibwa ndani ya nyumba ya kuishi, kifungo chaweza kufika miaka 14.

La pili ni kuvunja nyumba kwa nia ya kutenda kosa: hadi miaka 7 mchana, 10 usiku. Kisheria, usiku huanza saa kumi na mbili unusu jioni na kuisha saa kumi na mbili unusu asubuhi. Tena si lazima kitu kivunjike. Kusukuma mlango uliofungwa ni 'kuvunja'.

La tatu ni unyang'anyi, yaani kuiba kwa kutumia nguvu au kwa kutishia kuzitumia. Kifungu cha 296(1) hutoa hadi miaka 14. Lakini 296(2) hutoa kifo iwapo mnyang'anyi ana silaha ya hatari, au yuko na mwenzake, au amempiga ama kumjeruhi mtu. Zingatia neno 'au'. Katika kesi ya Johana Ndungu (1996), Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba sharti moja kati ya hayo likithibitishwa, limetosha.

Magazeti yetu huliita kosa hilo 'wizi wa mabavu'. Jina limezoeleka, ila linapotosha kidogo. Mabavu humfanya msomaji afikirie kipigo, ilhali watu wawili mikono mitupu, waliotishia tu bila kumgusa mtu, wameshaingia humo. Watanzania husema 'unyang'anyi wa kutumia silaha', kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 30. Angalau jina hilo linataja kigezo chake.

Je, tofauti hii ni ya wanaisimu tu? Hasha! Tuseme mshtakiwa anasomewa shtaka la wizi wa mabavu, naye anajibu: "Ni kweli, niliiba." Amekiri kuiba, hajakiri nguvu, silaha wala mwenzake. Mkalimani akifupisha kwa kusema "amekiri", amemhamisha mtu kutoka kifungo hadi kitanzi. Ndiyo maana kesi ya Adan (1973) ilisisitiza kwamba kila kiungo cha kosa kielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Ibara ya 50 ya Katiba nayo humpa mkalimani bila malipo.

Kitanzi hicho kingalipo katika sheria. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliharamisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Mwaka 2021 ikafafanua kuwa uamuzi huo haukuhusu wizi wa mabavu. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, lakini hukumu bado hutolewa.

Shahidi naye asiishie kusema "waliniibia". Aeleze walikuwa wangapi, nani alishika panga, nani alimpiga, na mlango ulikuwaje. Akisema hivyo, hakimu atajua kosa ni lipi, na asiyehusika na panga hatabebeshwa panga la mwenziwe kwa ajili ya neno lililotumiwa ovyo.