Ukifika Tunis, tafuta mlango mwekundu na kijani
Je, jua na vumbi la Tunis vimekuharibu ngozi? Saluni za hotelini ni ghali. Ingia Medina, mji mkongwe, utafute mlango uliopakwa rangi nyekundu na kijani. Hiyo ni hamamu. Kwa kawaida alasiri ni zamu ya wanawake.

Utakaa kwenye mvuke, kisha usuguliwe kwa kessa, glavu ngumu, mpaka nongo yote itoke. (Anayesugua hana huruma!) Glavu hiyo nunua yako, maana ya kushirikiana yaweza kukuambukiza choa au chunjua. Usinyoe siku hiyo. Mikwaruzo huvipa viini njia. Wajawazito na wagonjwa wa moyo wamwone daktari kwanza. Ukihisi kizunguzungu, toka mara moja, unywe maji.